Sahihi ya Orrin Tveit

Orrin Tveit alitia sahihi kwamba ng'ombe wangu thelathini na wanane waliokufa kwenye theluji walikuwa wa kaka yangu. Alijua ni wangu. Serikali ikamlipa kaka.

Angekuwa mtu mbaya ningeshamsahau. Ameishi ng'ambo ya uzio wetu maisha yake yote. Mkewe alipougua alijifundisha kuoka mkate, na wa kwanza, mgumu kama kwato, aliuleta kwangu. "Onja, Ardis. Ukifa nitajua nilikosea wapi." Msimu wa kuzaa alikuja na kamba zake bila kuitwa, akavuta ndama wangu wengi kwa mikono yake. Mama zao aliwajua mmoja mmoja. Yule mwekundu mwenye sikio lililopasuka alimwita Shemeji, kwa vile hakuwahi kumkaribia asipigwe teke.

Baba alinipa mitamba watatu nilipoacha shule darasa la nane nimuuguze mama. Alinipa kwa mdomo, bila karatasi. Walikuwa na chapa yake, nami nikaendelea kuwachoma ndama wao kwa chuma kilekile. Chuma kilikuwepo, moto ulikuwepo, nani angehangaika kutengeneza kingine? Baba alipokufa, chapa iliandikishwa kwa jina la Merle, kaka yangu. Sikuona ubaya. Kila mtu hapa alijua kwamba wa Merle wana hereni nyeupe masikioni, wangu za njano.

Theluji ilikuja Oktoba, manyoya yao ya baridi hayajaota. Mvua iliwaloanisha kwanza, kisha ikaanguka theluji siku mbili mfululizo. Tulipoweza kutoka, mimi na Orrin tuliwakuta wamerundikana kwenye kona ya uzio. Yeye alikata hereni, mimi nikazitia kwenye ndoo. Alipomfikia Shemeji alivua kofia.

Ofisi ya kilimo ya kaunti, inayotoa fidia ya maafa, ilitaka karatasi ya chapa na shahidi asiye ndugu aliyeiona mizoga. Merle alijaza fomu moja, wake na wangu pamoja. "Tutagawana," akaniambia. Orrin akatia sahihi. Malipo yalipofika Merle alinunua trekta, akasema mwenye chapa ndiye mwenye ng'ombe.

Nilimkuta Orrin akitengeneza lango.

"Orrin, hereni za njano uliziona?"

"Nilizikata mwenyewe, Ardis."

"Sasa?"

"Fomu iliuliza kama nimeona wamekufa. Walikufa kweli."

"Na palipoandikwa mwenye mali?"

Aligonga msumari uliokwisha kuzama. "Palikuwa pameshajazwa."

"Hayo ni macho, mzee, au matundu ya kupitishia upepo?"

Alicheka kidogo, akaacha. "Nyasi zangu nakata kwenye shamba la Merle, dada. Akinifukuza, ng'ombe wangu nitawalisha nini? Fomu?"

Hilo nalielewa. Nimeona watu wakiuza mifugo yote kwa kukosa nyasi za msimu mmoja tu. Huenda nami ningetazama mahali nilipoulizwa, nisitazame mstari wa juu yake. Lakini mimi sikuulizwa. Yeye aliulizwa.

Nikaenda ofisini na ndoo yangu. Mwanamke wa pale aliitazama kwa muda mrefu. "Mama, nakuamini," akasema. "Ila mimi hapa nina chapa tu. Shahidi akija mwenyewe akasema hivi unavyosema, faili linafunguliwa upya."

Nilimwambia Orrin. Akasema ataona.

Mwezi Machi, ng'ombe mmoja kati ya watano niliobaki nao alipokuwa anahangaika kuzaa, Orrin alitokea na kamba mabegani kama kawaida. Nilisimama langoni.

"Umetoka ofisini?"

"Ardis, ndama atakufa."

"Umetoka ofisini?"

Alizirekebisha kamba mabegani. Nilifunga lango, nikamvuta ndama peke yangu. Alitoka mzima. Orrin alisubiri nje ya uzio hadi ndama aliposimama, kisha akaenda zake.

Merle anadaiwa ng'ombe thelathini na wanane. Orrin anadaiwa maili kumi na nane za barabara hadi ofisini, na sentensi moja akifika.