Mahari ya Penalti Moja

Mimi ndiye baba pekee ninayemfahamu aliyedai mahari ya penalti.

Si pesa, si ng'ombe. Penalti moja, ipigwe na baba mzazi wa bwana harusi, kwenye goli la upande wa kibao cha matokeo. Na iingie.

Msinicheke kwanza. Ngoja niwape kisa chote, halafu mtanicheka vizuri.

Kazi yangu ni kutunza uwanja wa mpira. Nakata nyasi, namwagilia, nachora mistari. Watu wananiita Chokaa, na mke wangu akikasirika naye ananiita hivyo hivyo. Nina miaka kumi na tisa kwenye kazi hiyo, lakini mapenzi ya timu yetu nilizaliwa nayo.

Na kwenye timu hiyo palikuwa na mtu mmoja. Wembe.

Mguu wake wa kushoto uliwakosesha mabeki usingizi. Nilimpenda mtu yule mpaka mke wangu akaona wivu wa kweli kabisa. Sebuleni niliweka picha yake, kubwa kuliko picha ya harusi yetu. Binti yangu alijua kutamka "Wembe" kabla hajajua kutamka "baba", na mimi sikuumia hata kidogo. Nilienda kuwasimulia majirani.

Halafu ikaja ile fainali.

Dakika ya tisini, hakuna aliyefunga, tunapewa penalti. Uwanja wetu, watu wetu. Mimi nimesimama pembeni na toroli langu la chokaa, mwaka wangu wa kwanza kazini, tayari nalia kwa furaha.

Wembe akapiga. Mpira ukapita juu ya goli, ukapita juu ya ukuta, ukaenda kuvunja kioo cha duka la dawa ng'ambo ya barabara.

Wapinzani wakaja upande wetu, wakafunga. Kombe likaondoka.

Waandishi wakamuuliza imekuwaje. Akawajibu maneno matatu tu: "Goli lilikuwa mbali."

Jamani. Goli lina miguu?

Mji mzima ulicheka kwa hasira. Mwanafunzi akifeli mtihani, anaulizwa kama goli lilikuwa mbali. Wembe akienda sokoni kununua vitunguu, anazomewa mpaka anavisahau. Mwaka uleule akaacha mpira, akahamia upande wa pili wa mji, akafungua karakana ya vitanda.

Mimi picha yake niliigeuza ikatazama ukuta. Sikuitoa. Nilitaka ijue kwamba nimeinunia.

Sasa mwaka huu binti yangu, ambaye ni muuguzi, akaniletea kijana. Fundi wa friji. Ana adabu zake, anakunywa chai bila kelele, nikampenda palepale.

"Baba yako anashughulika na nini?" nikamuuliza.

"Ana karakana ya vitanda, mzee."

"Anaitwa nani?"

Kijana akamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama dari. Mke wangu akakumbuka kitu jikoni.

"Watu wanamwita Wembe."

Nikaenda kujifungia chooni nusu saa nzima.

Nilipotoka nilisema hapana. Wiki tatu nyumba ikawa haikaliki. Mke wangu akawa ananipakulia wali mtupu, mboga kaifunika na bakuli kalikalia. Siku moja binti yangu akarudi kutoka kazini na sare zake, macho mekundu, akakaa mbele yangu.

"Baba, yule kijana nampenda. Na wewe nakupenda. Usinilazimishe kuchagua, maana nitachagua, na utaumia."

Ikaniingia. Nikaona wazi kwamba nikikaza shingo nampoteza mwanangu. Lakini kununa kwa miaka kumi na tisa hakuishi kwa jioni moja. Ndipo nikatamka ule upuuzi wa penalti. Ikiingia, ndoa ipo. Isipoingia, kila mtu ashike njia yake.

Nilijua wataona wametukanwa, wasuse wenyewe, mimi nibaki msafi. Kumbe Wembe akatuma jibu siku ileile: "Jumapili, saa tatu asubuhi."

Wakaja watatu. Kijana. Wembe mwenyewe, kitambi mbele, goti limefungwa bandeji, njumu zake za zamani zimepasuka pembeni. Na mkewe, fundi cherehani, futi yake ya kupimia nguo inaning'inia shingoni. Nadhani hata kulala analala nayo.

Nikamsalimia Wembe kwa kidole kimoja. Ndiyo, kidole.

Golini hatukuwa na mtu, na mimi nilisema bila kipa haihesabiki. Akaenda mke wangu, na gauni lake la shughuli na mkoba begani, maana mkoba wake hauwekwi chini. Akasimama akiwa ameegemea mlingoti.

"Simama katikati, mama," nikamwambia.

"Hapa ndipo ninapozuilia mimi."

Mwanamke alitaka harusi, mimi ningefanyaje.

Wembe akaweka mpira kwenye nukta. Akarudi nyuma, akakimbia vile mtu wa kitambi anavyokimbia. Akapiga.

Juu.

Binti yangu akajifunika uso. Nikaona vibaya, nikatoa ofa: haya, rudia. Akarudia.

Juu tena, na goti likamgomea, akaanza kuchechemea. Akalitazama goli muda mrefu, kisha akasema taratibu, kama anaongea na nafsi yake, "Goli liko mbali."

Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika mbavu, na sioni fahari kuandika hivyo.

Mkewe akavua futi shingoni. "Miaka kumi na tisa nasikia goli liko mbali, kitandani, mezani, mpaka hospitali nikijifungua kitinda mimba wetu. Leo napima."

Akapiga magoti kwenye nyasi. Futi ya nguo haifiki hata meta mbili, kwa hiyo alikuwa anapima, anaweka kidole, anasogea, anapima tena, na kijana wake nyuma anahesabu. Mimi huku natabasamu.

Akaifikia nukta, akainuka, akafuta magoti. "Meta kumi na tatu na kitu."

Kijana akatafuta kwenye simu. "Sheria inasema kumi na moja, mama."

Wote wakanigeukia.

"Baba," binti yangu akasema, "hiyo nukta unaipimaje?"

"Kwa hatua," nikajibu. "Hatua kumi na tano, kama nilivyofundishwa."

"Na aliyekufundisha alikuwa na urefu gani?"

Marehemu bosi wangu alikuwa ananifikia kifuani. Kwa mistari mingine yote aliniachia kamba yenye mafundo, nikapima nayo mpaka leo. Nukta ya penalti haikuwa na fundo. Aliniambia tu, "Hiyo nahesabu hatua kumi na tano." Hatua zake. Mimi nikaja na miguu yangu hii mirefu nikahesabu kumi na tano zangu, tangu wiki ya kwanza kazini.

Na uwanja wetu ulikuwa na sifa ya kuharibu penalti. Timu zote zilikosa, wageni na wenyeji. Uongozi ulishawahi kubadilisha milingoti ukidhani ina mkosi. Mimi mwenyewe nilisaidia kuing'oa.

Wembe akakaa chini kwenye nyasi. Machozi yakamtoka bila sauti.

"Mama nanihii," akamwambia mkewe, "mimi sikuwa nadanganya."

"Nisamehe," yule mama akajibu. "Hata mimi nilishaacha kukuamini."

Nikapiga magoti mbele ya Wembe. "Kaka, nisamehe. Ndoa ipo, chukueni binti, chukueni na uwanja."

"Subiri kidogo," mkewe akasema, huku anakunja futi. "Sasa ni zamu yetu kufikiria kama tunataka kuoa kwenu."

Binti yangu alinitazama kwa jicho ambalo sitaki kuliona tena duniani.

Wembe akajifuta uso. "Mimi nimekusamehe, ila mimi ni mtu mmoja tu. Walionizomea walijaa uwanja. Waambie wao."

Jumamosi iliyofuata, wakati wa mapumziko ya mechi, nikapewa kipaza sauti mbele ya watu elfu nane. Nikataja jina langu, nikataja kazi yangu, nikataja hatua kumi na tano. Nikasema Wembe alisema kweli, na lile kombe nililipoteza mimi.

Zomeazomea ikaanza.

Sikuwa nimewahi kuzomewa maishani. Chupa ya maji ikanipata begani. Jirani yangu, tunayeazimana naye chumvi, alikuwa amepanda juu ya kiti ananizomea kwa mikono yote miwili. Nilitaka kukimbia.

Nikahisi mtu ananishika kiwiko. Wembe, kateremka ngazi zote zile na goti lake bovu.

"Usikimbie," akaninong'oneza. "Ukikimbia wanaongeza. Tembea kama unatafuta kitu ulichodondosha."

Tukatembea hivyo wawili, tunatazama nyasi, mpaka mlangoni. Walituzomea njia nzima, na yeye hakuniachia mkono.

Mimi nilizomewa dakika nne. Yeye alizomewa miaka kumi na tisa, na hakuna aliyeshuka kumshika kiwiko. Hata mimi niliyekuwa nimemtundika ukutani sikushuka.

Harusi imefanyika mwezi uliopita. Wembe alituzawadia kitanda, imara kweli, na mboga imerudi mezani.

Kwa hiyo wewe uliyemnunia mtu mpaka umesahau sauti yake, ukiwa na uhakika kwamba kosa ni lake peke yake, nenda kapime upya. Ila usipime kwa hatua zako mwenyewe. Mimi zangu nilikuwa naziamini sana.