Picha ya Sufuria Mpya

Aibu yangu ilianza na picha nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: ingekuwa mbaya, isingeonyesha kitu.

Nauza vyombo vya jikoni hapa Babati, kwa simu tu, maana fremu ya duka sina. Kamati ya kicheni pati ya binti mmoja wa Bonga ilikuwa inatafuta seti ya sufuria za kumpa bibi harusi, na mimi niliitaka sana kazi ile. Nilishajifunza kupiga picha: unafuta kamera ya simu kwa kitambaa laini, unaweka chombo karibu na dirisha, na upande wa pili mtu anashika kitu cheupe ili mwanga urudi kwenye kivuli. Kitu cheupe kilikuwa shuka letu. Mshikaji alikuwa mume wangu.

Hapo ndipo penye neno. Kwa watu wote, mume wangu alikuwa bado machimboni Simanjiro. Aliondoka kwa kuagwa, mbuzi akachinjwa, mwenyewe akijigamba atarudi na gari. Akarudi kimyakimya, akaniomba nisimwambie mtu mpaka mawe yake, aliyoyaacha kwa mwenzake, yapate mnunuzi. Tumepanga pembeni kabisa mwa Maisaka, mahindi kila upande, kwa hiyo iliwezekana. Akawa anashinda ndani. Nikiulizwa habari zake, nasema anawasalimia.

Siku ile joto lilikuwa kali na suruali yake iko kambani. Akajifunga kanga yangu, kifua wazi, akashika shuka. Nikapiga. Picha ikatoka ya dukani hasa! Nikaitupa kwenye grupu la kamati, nikakaa kusubiri sifa.

Sifa zikaja. Halafu mwenyekiti, mama mtu mzima asiyemung'unya maneno, akaikuza picha na kutuma ujumbe wa sauti.

"Mwenzetu, sufuria ni nzuri. Ila humu ubavuni mwake namwona mwanamume kajifunga kanga. Ni nani huyo, na baba watoto si yuko machimboni?"

Nikaikuza na mimi. Alikuwemo, sufuria imemwonyesha kama kioo. Uso ulikuwa umevutwa na mviringo wa sufuria, hatambuliki, lakini kifua na kanga vilionekana vizuri kabisa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikisema ni mume wangu, nimemvua nguo mbele ya mji mzima. Nikinyamaza, mimi ndiye mke mhuni. Nikaandika "ni fundi", nikafuta. Fundi gani anavaa kanga? Grupu likanyamaza, na ukimya wa wanawake wale naujua, walikuwa wamehamia pembeni kunisengenya. Machozi yakanitoka.

Mume wangu alikuwa amesikia yote. Akaichukua simu mkononi mwangu bila ukali, akabonyeza pa kurekodi.

"Shikamooni mama zangu. Huyo ni mimi, nimerudi. Msimfikirie vibaya mke wangu, mimi ndiye niliyemwambia anifiche. Mawe sikupata. Hata moja."

Akanirudishia simu, akaanza kukunja shuka.

Hata moja. Mimi aliniambia yako kwa mwenzake. Ukweli wa nyumba yangu nimeusikia kwenye grupu, pamoja na kamati ya kicheni pati, na tayari mtu alikuwa ameshaandika "pole shemeji" kabla mimi mwenyewe sijapata la kumwambia.