Mabega na Isukuti

Tulifanya mazoezi kila Jumamosi asubuhi katika ukumbi wa Kaloleni, kabla wenye harusi hawajaanza kupanga viti. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja, mkubwa kuliko wachezaji wenzangu wote watano, na goti la kushoto lilikuwa limeanza kukataa kazi. Nilijua onyesho tulilojiandalia lingekuwa la mwisho kwangu. Nilitaka tu kulimaliza nikiwa jukwaani.

Mtunzi wa dansi yetu, dada wa miaka ishirini na kitu tuliyemwita mwalimu, alikuwa ameijenga juu ya isukuti, ngoma ya kwetu magharibi inayochezwa kwa mabega zaidi ya miguu. Mpigaji alikuwa mzee wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben aliyefanya zamu ya usiku katika kiwanda cha plastiki. Alikuja moja kwa moja kutoka kazini, macho mekundu. Jumamosi nyingi hakuja kabisa, kwa sababu aliitwa kupiga matangani. Basi siku moja mwalimu akamrekodi kwa simu, na kwa wiki sita tukacheza na rekodi hiyo.

Katikati ya rekodi ngoma ilishuka. Mapigo yaliachana, yakawa mazito, kisha yakazinduka ghafla. Mwalimu alipapenda mno mahali pale. Aliwatoa wenzangu wote akaniacha peke yangu, mabega polepole, goti halikunjwi. Ndiyo sehemu pekee niliyoimudu. Kwingine nilijificha mstari wa nyuma.

Wiki moja kabla ya onyesho mzee akaja. Tulipofika pangu, ngoma haikushuka. Iliendelea kwa kasi ile ile, nami nikasimama katikati ya ukumbi.

"Mbona mama amekwama?" mzee akauliza.

"Mzee, hapo huwa unashuka," mwalimu akasema. "Sikiza." Akawasha simu.

Mzee akasikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka kwa aibu. "Hapo nilikuwa nimelala."

"Umelala aje na unapiga?"

"Mikono haikulala. Mimi ndio nililala. Kwani mnacheza usingizi wangu?"

Vijana wakaanguka sakafuni kwa kicheko. "Buda, na vile nimeambia watu hiyo ni mila!" mmoja akasema.

Mimi sikucheka. Mwalimu alimwomba apige vile vile, naye akakataa kwa upole. Watu wa kwao wangekuwepo, alisema, na wakimsikia anayumba watasema amezeeka.

Mwalimu akanigeukia. "Basi hapo wataingia wote, kasi ya kawaida. Auntie, utaweza?"

Nikasema nitaweza. Hakuna aliyeniamini, hata mimi. Nikatoka nje kufunga goti bendeji.

Mzee akanifuata, akaketi karibu nami kwa shida.

"Mama, huko nyumbani, mchezaji akiwa peke yake uwanjani, mpigaji huangalia nini?"

"Mabega yake," nikasema.

"Eeh. Sasa simu itakuonea wapi mabega? Wewe cheza. Ukishuka, nitashuka. Nikishuka kwa ajili ya mchezaji, hakuna wa kuniambia nimezeeka. Hiyo ndiyo kazi."

Akaingia ndani kumweleza mwalimu. Sikusikia walichosema, lakini niliporudi niliachiwa nafasi yangu.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa nusu. Wenzangu walipotoka nikabaki na mzee, ngoma ikiwa juu. Kwa kiburi nilijaribu kwenda nayo. Goti likaniuma mpaka nikatokwa na machozi, na hapo nikaacha mabega yashuke. Alinitazama. Alichelewa pigo moja, labda mawili, kwa vile alikuwa ametoka zamu bila kulala, kisha ngoma ikashuka nami.

Tulikaa huko chini muda mrefu kuliko tulivyofanya na rekodi. Kando ya pazia mwalimu alizungusha kidole, tuharakishe. Hatukuharakisha. Nilipopata pumzi nikainua bega moja, akainua ngoma, na wenzangu wakaingia.

Dansi ilipokwisha nilikuwa bado nimesimama. Vijana wawili wakanishika mikono nikashuka jukwaani. Mzee hakungoja makofi yaishe. Alikuwa anatafuta viatu vyake, maana jioni ile alikuwa na zamu.