Amplifaya Yangu na Spika Kama Kabati

Mimi ni karani wa reli hapa Nakuru, na Jumapili iliyopita nilijiaibisha mwenyewe. Nilikuwa nimenunua amplifaya kuukuu ya kukuza sauti, ya zile taa za kioo ziitwazo valvu, kwa mzungu aliyekuwa akihama Subukia. Bwana Jaswant, fundi wa redio, alinionya, "Karani, hii nguvu yake kidogo. Tafuta spika nyepesi, ile haitaki nguvu nyingi."

Lakini mimi ni mtu wa kushauriwa? Nikaifunga kwenye spika mbili kubwa kama kabati, nikaunganisha na redio, nikamwalika fundi aje ajionee.

Valvu zilipopata moto, muziki ukajaa nyumba nzima. Nikamwambia fundi kwamba wengine tumezaliwa na masikio. Akanywa chai yake taratibu, kisha akasema, "Hebu punguza sauti kidogo."

Nikapunguza. Nikazungusha kitufe mpaka kikagoma. Muziki ukaendelea vile vile.

Fundi akaweka sikio kwenye spika yangu, halafu kwenye ukuta wa mbao unaotutenga na jirani.

"Baba Wanjiru," jirani yangu Mama Akinyi akaniita kutoka upande wa pili, "nimesikia mnataka sauti ipunguzwe. Ni hii redio yangu inawasumbua?"