Maziwa Yaliyomtoka Rodah Puani

Kuna wachumaji wa chai, halafu kuna Rodah. Panda ile barabara ya murram kutoka Kapkatet, uliza mtu yeyote. Vidole vyake vilikuwa vinaingia kwenye majani kama kuku anayedona mahindi, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na kikapu kinajaa wakati wengine bado wanajifunga nailoni ya kuzuia umande kiunoni. Kipkemoi, mume wake, alijisifu kwenye kituo cha kupimia majani utadhani vidole ni vyake.

Sasa mwanamke kama huyo anaanzaje kuangusha vikombe?

Ilianza hivyo tu. Asubuhi yuko mzima, mchana anachoka, jioni kope la kushoto linashuka kama pazia lililokatika kamba, na ulimi unakuwa mzito. Watu wa kijiji nao, wape kope moja tu, watakutungia hadithi nzima. "Mama Dorine siku hizi anapitia kwa wapika chang'aa," wakasema, na kwaya ya kina mama ikamhamisha kutoka mstari wa mbele hadi nyuma ya nguzo. Rodah, ambaye hata harufu ya pombe ya busaa inamfanya apige chafya! Aliumia moyoni, akasema ni uchovu.

Halafu ikaja koito ya Dorine, binti yake wa kwanza, siku ya watu wa kijana kuja kuomba mchumba. Sebule ilijaa, wazee wameweka kofia magotini. Mursik ikamiminwa kutoka kwenye kibuyu, maziwa lala yenye rangi ya makaa, mazito, ya kujivunia. Katika nyumba hiyo mama ndiye huonja kwanza, mgeni aone ni salama. Rodah akainua kikombe, akameza.

Hayakushuka. Maziwa yalipanda juu yakamtoka puani, mbele ya wakwe.

Rodah alijaribu kucheka ili aokoe mambo, lakini mashavu yalikataa. Uso ukabaki umenuna, kana kwamba anawadharau wageni, na alijua hivyo ndivyo wanavyoona, na hakuwa na uso mwingine wa kuwaonyesha. Mzee Kirui, baba ya kijana, akachukua fimbo yake.

"Bamwai," akamwambia Kipkemoi, kama wakwe wanavyoitana, "tutarudi siku mama akiwa..." Akatafuta neno. "Akiwa sawa."

Wakaondoka, na kuku bado yuko jikoni kwenye sufuria.

Dorine alilia, lakini Dorine si mtu wa kulia sana. Alitafuta kwenye simu akapata daktari wa neva anayeona wagonjwa kwa video, Daktari Nyaberi, yuko Nairobi. Siku ya miadi, mvua ya mawe ilikuwa imetoka tu kupiga, chai imechanwachanwa kama mboga, na Kipkemoi yuko na hasira na mbingu yote.

"Mama, angalia juu. Usishushe macho mpaka niseme," daktari akasema.

Rodah akakazia macho dari. Kope likashuka lenyewe, polepole, mpaka likafunika jicho.

"Mna friji? Nataka barafu."

"Friji ya nini, daktari?" Kipkemoi akadakia. "Huku kwetu barafu inaanguka bure!"

Akatoka nje, akarudi na kofia imejaa mawe ya mvua. Wakayafunga kwenye leso, Rodah akayashikilia juu ya kope dakika mbili. Alipoyatoa, jicho lilikuwa wazi, limekodoka kama la bundi.

"Yesu wangu!" Dorine akaruka.

Kipkemoi akakaa juu ya ndoo. Ile mvua aliyoilaani maisha yake yote imemfungua mke wake jicho! Rodah mwenyewe alikuwa anajigusa kope, anaogopa kupepesa.

"Hiyo si pombe, mzee, kama ulivyoniambia," daktari akasema.

"Nani alitaja pombe?" Kipkemoi akauliza, akiangalia viatu vyake. Rodah akamgeukia. Kumbe hata wewe uliamini nalewa.

Ugonjwa ukapewa jina, myasthenia gravis, jina ambalo Kipkemoi alilitafuna kama gunzi la mahindi na bado halikushuka. Daktari akaeleza: kinga ya mwili imekosea adui, inapiga pale neva inapoipa misuli amri. Barafu si dawa, ni kipimo tu. Lazima aende hospitali, apimwe damu na apigwe picha ya kifua.

Damu ikasema yale yale, picha ikawa safi. Vidonge vikaanza, kimoja kabla ya chakula, simu ikilia kumkumbusha. Na ajabu! Rodah akala ugali bila kushikilia taya kwa mkono. Daktari akawa anamwona kwa video, anamuonya: usinunue dawa yoyote kwa chemist kabla hujaniuliza, zingine zinaangusha misuli. Na pumzi ikipungua, usingoje video, kimbia hospitali.

Wakwe wakasikia mama sasa yuko sawa, wakakubali kurudi. Asubuhi ya siku hiyo Rodah alikiangalia kibuyu kama mtu anayeangalia nyoka.

"Ikitoka tena puani?" akauliza.

Kipkemoi ni mkulima wa chai, na sayansi anayoijua ni moja. "Mama Dorine, gunia moja la mbolea linaleta majani. Mawili je?"

"Daktari alisema kimoja."

"Daktari hana shamba."

Angekataa. Lakini aliwaza Dorine, akaona ile fimbo ya Mzee Kirui ikiinuliwa tena. Akameza vitatu. Hofu haikutoka, akaongeza viwili.

Kwanza tumbo lilimkata. Halafu mate, mate mengi ya kujaza mdomo, na nyama za uso zikaanza kurukaruka zenyewe. Pikapu ya wakwe ilipoingia langoni, shingo yake ilikuwa imekataa kubeba kichwa. Dorine akampigia daktari.

"Amemeza vingapi?" Daktari Nyaberi akauliza.

Kipkemoi akajifanya anamfuta Rodah mate.

"Mzee, vingapi?"

"Si vingi..."

"Vingapi!"

"Vitano," Kipkemoi akasema, na sauti ikamvunjika.

"Asimeze kitu, hata maji. Mlaze kwa upande, mate yatoke. Hospitali, sasa hivi. Dawa ikizidi inalegeza misuli kama ugonjwa wenyewe, mpaka ya kupumua."

Mzee Kirui alikuwa mlangoni na kofia yake mkononi, amesikia yote. Hakuuliza kitu. Alimbeba Rodah miguu, Kipkemoi mabega, wakamweka kwenye pikapu, na mzee akaendesha kwenye vilima hivyo kama kijana aliyeiba gari.

Hospitalini walimwekea oksijeni, wakampa dawa ya kukausha mate, wakakesha naye. Asubuhi Rodah alifungua macho yote mawili na kuona jambo ambalo eneo zima la Bureti halijawahi kuona: wazee wa koito wamepanga viti kuzunguka kitanda cha hospitali, nesi analalamika, hakuna anayemsikiza.

"Tulikufikiria vibaya, mama," Mzee Kirui akasema. "Sasa tuambie. Tunapewa msichana?"

Rodah akavuta pumzi. Ilitosha.

"Mchukueni," akasema, polepole, neno moja moja. "Lakini akiugua, mpeni dawa kama daktari alivyosema. Hesabu ya mbolea mwachieni baba yake."