Kupe wa Mlima wa Dubu

Nawaandikia nyinyi mnaoumwa na mnaouguza, hasa mliofika mahali pa kuogopa kioo. Mimi nilifika hapo, nikarudi.

Nilizaliwa Mbulu, nyumba yetu ikiwa imeshikana na zizi la ng'ombe la baba. Nilipomaliza kidato cha nne miguu haikutulia tena: Arusha, Mombasa, Maskati, mwisho London. Sasa nina miaka arobaini na sita na napakia mizigo kwenye ghala moja huku Hayes. Ndege hupita juu ya paa kutwa nzima, na kila inayopita natamani iwe yangu. Naishi na dada yangu Paskalina, anayetunza wazee majumbani. Mali yangu ilikuwa kamera moja ya mtumba, na hamu ya kumpiga picha mnyama asiyepatikana kwetu: dubu.

Radu, mwenzangu wa zamu, kwao ni Romania. Alinisikiliza nikisimulia dubu hadi akachoka. "Acha maneno," akasema. "Twende kwetu ukawaone."

Mwezi wa sita tukaenda. Tulitembea siku mbili milimani hadi kibanda kitupu cha wachungaji. Alfajiri ya tatu ukungu ulikuwa umejaa bondeni, mweupe, hauendi popote. Nikalala kifudifudi kwenye majani marefu, nikafumba jicho la kushoto, la kulia nikaliweka kwenye kamera. Akatoka dubu jike wa kahawia na watoto wawili nyuma yake, manyoya yao yamelowa umande. Alinusa hewa. Kisha akatazama upande wangu, bila haraka, kama mwenye nyumba anayejiuliza huyu ni mgeni wa nani. Sijui kwa nini, nilisikia harufu ya zizi la baba. Nikapiga picha moja, akageuka, ukungu ukawafunika.

Jioni nilikuta kupe nyuma ya goti. Nikamng'oa kwa kucha, nikamsaga juu ya jiwe, kama nilivyokuwa nikiwatoa kwenye ndama wa baba. Radu akakunja uso. "Huku kupe si wa mchezo. Ukirudi, kamwone daktari."

Nilicheka. "Radu, mimi nimekulia kwenye kupe. Wanaougua ni ng'ombe."

Wiki mbili baadaye, nyuma ya goti palikuwa na duara jeusi lililotanuka kila siku. Kwa weusi wangu, nilidhani nimejigonga. Ikaja homa. Shingo ikakakamaa, viungo vikauma, shuka ikalowa jasho. Nikasema malaria. Kabatini nilikuwa na dawa mseto niliyoletewa kutoka nyumbani. Nikaimeza yote.

"Malaria gani?" Dada aliuliza. "Mbu wa wapi, wa Hayes?"

"Dada, mwili wangu naujua."

Homa ilishuka, nikajiona daktari. Kisha asubuhi moja nikanywa chai ikamwagika kifuani. Kwenye kioo, nusu ya kushoto ya uso wangu ilikuwa imelala. Mdomo umeshuka, jicho halifumbi. Dada alinivalisha viatu mwenyewe, akanipeleka hospitali.

Daktari, mama mmoja mpole, aliniambia nikunje paji la uso. Upande wa kushoto haukukunjika. "Sidhani ni kiharusi; hicho kwa kawaida huacha paji likunjike," akasema. "Ulisafiri karibuni?"

Nikamwonyesha picha kwenye simu, kwa fahari, hata kwa mdomo uliopinda. Alimpita dubu, akasimama kwenye ile aliyonipiga Radu nikiwa nimezama majanini. "Kuna kitu kilikuuma hapa?"

"Hapana. Kupe tu."

Dada akapiga paja. "Kupe tu! Mtoto wa mfugaji!"

Walipima damu. Ni ugonjwa unaoletwa na kupe, nikapewa antibiotiki za wiki tatu. Nikauliza kama jicho litafumba tena. "Wengi hupona," daktari alisema. "Wewe siwezi kukuahidi."

Wiki hizo nililala na jicho limebandikwa plasta. Ikibanduka, nilikuwa usingizini huku naliona pazia, na kwenye pazia akija yule dubu na watoto wake. Hawakunitisha. Walivuka chumba polepole, mgongo wa jike ukipanda na kushuka, wakaingia ukutani. Mchana nilijaribu kutumia kamera. Jicho moja liliona picha, jingine liliona ukuta, vikachanganyika. Nikaifungia kamera kabatini, nikalia upande mmoja wa uso.

Wiki ya saba, Dada alikuwa dirishani na kikombe cha chai. Nikahisi kope inanicheza. Nikaenda kabatini, nikainua kamera, nikaliamrisha jicho. Likafumba. Ukuta ukatoweka, akabaki Paskalina peke yake kwenye mwanga.

"Usinipige na kilemba hiki!" akafoka, kisha akaona jicho langu. Kikombe kikamtoka mkononi, nami nikabonyeza.

Ndiyo picha ninayoipenda kuliko ya dubu: dada yangu kilemba kimekaa upande, chai ingali hewani. Namshukuru Mungu, yule daktari, na Radu asiyenicheka. Nanyi, mkiulizwa mmeumwa na nini, tajeni kila kitu, hata mnachokidharau tangu utotoni.

Nitarudi kule milimani. Dada amekubali, kwa sharti kwamba nikirudi nisimame mlangoni, anikague mwili mzima kama ndama.