Moja Anasoma, Mwingine Anarudilia

Siku yangu ya kwanza mu atelie, karakana ya radio ya kampuni ya shaba, hapa Kolwezi, shefu wa atelie alinikataza kugusa kitu. Tata Tshibangu alikuwa mutu mufupi, mwenye sauti ya katekista. Aliweka mbele yangu kipimo ya nguvu, ile mashini inayoonyesha radio inatuma watt ngapi ku antene.

"Hii haipendi haraka," akasema. "Iwashe, ngoja nusu saa ipate moto. Halafu uweke sifuri, radio ikiwa imezimwa. Sifuri ya haraka ni bongo, uongo mutupu."

Kisha kulinganisha: kipimo iko na tundu inayotoa miliwatt moja kamili. Unachomeka pale sikio yake, ndivyo tulivyoita kile kipande kinachopokea nguvu, unazungusha mupaka sindano ikae ku moja. Mwisho, kati ya radio na sikio unaweka kipunguza, chuma yenye kukata nguvu ili sikio isiungue. Namba yake imechongwa pembeni, na kila kumi ni kukata mara kumi tena: makumi tatu ni mara elfu. Unaiambia kipimo namba ile, nayo inarudisha hesabu. Tata alibandika karatasi ku kifuniko ya kipimo: Kipunguza 30.

Na alikuwa na sheria: moja anasoma namba ku chuma yenyewe, mwingine anaiangalia na kurudilia. Mi, kijana wa kiburi, nikasema, "Tata, mi najua kusoma."

"Ee, unajua. Lakini macho inaona ile inatafuta."

Tulirudiliana hivyo miaka mingi.

Halafu bakaanza kufukuza batu ya Kasai, Tata mumoja wao, hata bale balizaliwa hapa, na baba zao baliletwa kuchimba shaba. Asubuhi moja vijana wenye fimbo baliingia kwa Tata, kule Kapata. Nyumba yangu ilikuwa ya tatu kutoka kwake. Nilisimama nyuma ya rido, pazia ya dirisha. Sikutoka. Nilikuwa na woga, na haya yake ningali nayo.

Siku ya tatu direktere wa huduma akaniita. Radio ya gare, stesheni ya treni, ilikuwa inaita Lubumbashi ilete treni, na jibu hakuna. Batu bale balifukuzwa balikuwa balilala inje ya gare, bakingoja treni ya kubapeleka Kasai, batoto banakufa kwa kuhara.

"Pima," akasema. "Kama radio ni nzima, saini hapa. Kosa itakuwa ya Lubumbashi, na sisi hatutaigusa radio tena."

Atelie ilikuwa imeibiwa. Nilibeba kipimo, sikio, na kipunguza moja niliyokuta chini. Ku gare nikangoja nusu saa, batoto banalia ku dirisha. Nikaweka sifuri. Nikalinganisha: sindano ikakaa ku moja. Nikapima radio: watt makumi tano. Nzima! Nikashika kalamu.

Kwa mazoea nikasema kwa sauti, "Kipunguza, makumi tatu," nikangoja. Hakuna aliyerudilia. Mukono ikakataa kusaini.

Nikaenda ku dirisha. Inje, kati ya batu, Tata alikuwa amekaa ku malle yake, ile sanduku ya safari, Mama, muke wake, amelala pembeni, midomo imekauka. Nikamwita. Kijana wa fimbo ku mulango akapiga kelele, "Ule asiingie humu!" Basi nikazima radio, nikapitisha kipunguza kati ya vyuma ya dirisha.

Tata hakunisalimia. "Soma," akasema.

"Makumi tatu."

Akaipangusa na shati. "Makumi mbili."

"Tata, karatasi inasema..."

"Karatasi ni yangu. Kipunguza yangu baliiba. Soma tena."

Nikasoma. Makumi mbili. Yesu wangu! Nilikuwa nimeiambia kipimo kwamba tumekata mara elfu, kumbe tulikata mara mia. Zile watt makumi tano zilikuwa tano tu.

"Lampe ya mwisho mu radio, ile inasukuma nguvu ku antene, imechoka," akasema. "Ingine iko mu sanduku ya radio, chini."

Nikabadilisha. Nikapima, nikasoma, akarudilia ku dirisha: makumi tano za kweli. Lubumbashi ikajibu mara moja: treni itafika kesho. Batu bakashangilia treni ya kubafukuza.

Kesho yake, wakati bakipanda, nikamufuata. "Tata, siku ile nilikuwa nyuma ya rido."

"Nilikuona," akasema, akamubeba Mama, akapanda.

Sasa niko mu pansio, nimestaafu, kule Musonoi. Vijana ya radio banapokuja kuniuliza nani alinifundisha, ninabaambia: Tata Tshibangu, wa Kapata, nyumba ya tatu kutoka ile ilikuwa yangu. Halafu ninangoja, mupaka barudilie.